Walitoka Majini Wakiogopa Kunyeshewa

Jumamosi moja ya mwezi wa Aprili nilimpeleka mtoto wa dada yangu kuogelea katika klabu moja upande wa magharibi wa Nairobi. Ilikuwa saa tisa na kitu alasiri. Juu yetu mbingu bado ilikuwa na samawati ya kutosha kumdanganya mtu, ila upande wa Ngong wingu lilikuwa limejenga ghorofa juu ya ghorofa, jeusi chini, jeupe kileleni kama maziwa yanayofurika sufuriani. Ngurumo ya kwanza ilisikika kwa mbali ikichanganyika na muziki wa spika za baa. Ya pili haikuhitaji mtu kutega sikio. Mwokoaji, kijana wa miaka ishirini na ushei aliyevaa fulana nyekundu, alisimama, akaweka firimbi mdomoni, kisha akageuka kumtazama meneja. Meneja alikuwa kwenye simu. Kijana akaitoa firimbi mdomoni, akasogea ukingoni, akamwambia kwa upole baba mmoja aliyekuwa majini na wanawe wawili: "Mkubwa, naomba tutoke kidogo, kuna radi."

"Kijana, mvua iko wapi?" yule baba akamjibu. "Nimelipia hawa mpaka saa kumi na moja."

Firimbi haikulia. Dakika kumi baadaye matone ya kwanza, makubwa na ya baridi, yakaanza kutoboa maji, na hapo ndipo bwawa zima lilipotoka mbio. Watu waliokuwa wamelowa chapachapa tangu saa nane, wengine maji yakiwafika shingoni, walikimbia kwa kuogopa kunyeshewa. Wakajazana chini ya banda la makuti lisilo na kuta, wamekumbatia taulo, na radi ikaendelea kunguruma juu yao kwa nusu saa nzima.

Nimekisimulia kisa hicho mara nyingi kama kichekesho, na kila nikikisimulia kinazidi kuniudhi. Bwawa lile lilikuwa safi. Boya lilining'inia mahali pake, cheti cha mwokoaji kiliangikwa ukutani, kina cha maji kimeandikwa kwa rangi ukingoni. Kilichokosekana ni kauli moja tu, iliyokubaliwa kabla ya siku ile: ngurumo ikisikika, wote nje. Kwa kuwa haikuwepo, kijana yule aliachiwa kazi ya kujadiliana na mteja huku wingu likikaribia, na katika mji huu mteja aliyekwisha lipa hashindwi mjadala.

Tuanze na kalenda, maana ndiyo inayotupa kesi mbaya zaidi bila mtu yeyote kukusudia. Shule zetu hufungwa Aprili, Agosti, na tena Novemba na Desemba. Agosti ni mwezi wa sweta. Wingu la Nairobi wakati huo ni blanketi la kijivu, halina ngurumo, na bwawa lisilopashwa moto halina wateja. Wanaojaza mabwawa ni watoto wa likizo ya Aprili na ya Novemba, na Aprili ndiyo kilele cha masika, Novemba kilele cha vuli. Jua huvuka ikweta mwezi Machi na tena Septemba, na ukanda wa mawingu hulifuata nyuma kwa majuma kadhaa. Sisi tulio nyuzi 1 na kidogo kusini mwa ikweta tunapitiwa mara mbili, kwenda na kurudi.

Halafu kuna saa yenyewe. Asubuhi jua hupasha ardhi. Hewa yenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi hupanda taratibu kuelekea huku, kwenye mji ulio zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na ardhi haiachi kuinuka mpaka Limuru na vilima vya Ngong. Hewa ikiinuliwa hivyo, ikiwa na joto chini yake, ifikapo alasiri wingu limekomaa. Na masomo ya watoto ya kuogelea huwekwa saa ngapi? Alasiri, maji yakishapata joto. Yaani msimu wa radi, likizo ya watoto na saa ya darasa vimekaa juu ya mstari mmoja kana kwamba kuna aliyevipanga.

Najua kuna watakaoniambia Nairobi si Kisii. Kweli si Kisii. Bonde la Ziwa Victoria na nyanda za juu za Gusii hupigwa na radi kuliko sisi kwa mbali, na mtu aliyelelewa Nyamira hahitaji makala hii. Wakati yule baba anauliza mvua iko wapi, rafiki yangu mmoja wa kutoka huko alikuwa tayari ameshavaa viatu. Lakini hoja ya "si Kisii" ina kasoro. Anayeishi na radi mara kwa mara amejifunza kuiheshimu tangu utotoni. Sisi wa mjini tunaikuta mara chache za kutosha kuisahau, na mara nyingi za kutosha kutuua.

Sasa sauti. Mwanga wa radi hutufikia papo hapo. Ngurumo yake hutembea mita 340 hivi kwa sekunde, sawa na kilomita moja kila sekunde tatu. Ukiona mmweko, ukahesabu hadi thelathini ndipo ukasikia ngurumo, basi imepiga umbali wa kilomita 10. Huo ni kama umbali wa Westlands hadi uwanja wa Kasarani kwa mstari ulionyooka (kwa barabara, jioni ya Ijumaa, hayo ni mambo mengine). Ni mbali, utasema. Lakini mmweko unaofuata haulazimiki kushuka pale uliposhuka wa kwanza. Wingu la radi ni pana, linatembea, na radi imewahi kutoka ubavuni mwa wingu ikapiga ardhi zaidi ya kilomita 15 kutoka huko, mahali ambapo watu walikuwa wanaona jua. Anayesubiri mvua ndipo atoke majini anasubiri ishara isiyo yake. Mvua na radi hutoka katika wingu moja, ila hazisafiri pamoja.

Hesabu ya sekunde thelathini ilifundishwa kwa miaka mingi, na mimi naipenda kwa kuwa mtoto akiijua hataogopa tena ngurumo kwa upofu. Kando ya bwawa, hata hivyo, ina udhaifu. Wingu likichangamka hutoa mimweko kadhaa kwa dakika, watoto arobaini wanapiga kelele, na mwokoaji hawezi kujua ngurumo hii ni ya mmweko upi. Idara ya hali ya hewa ya Marekani ilikwishaifupisha kampeni yake ikawa sentensi moja tu, kwamba ngurumo ikilia, ingia ndani. Kanuni fupi kama hiyo haimtaki kijana wa fulana nyekundu awe na saa wala fizikia. Inamtaka asikie tu. Ndiyo maana ningeanza na zile spika. Bwawa linalopiga muziki mpaka ngurumo ya kwanza inapotea limejiziba masikio lenyewe.

Kurudi majini nako kuna kipimo: dakika thelathini tangu ngurumo ya mwisho. Ngurumo nyingine ikisikika dakika ya ishirini na nane, hesabu inaanza upya. Hapa ndipo watu wanapokasirika zaidi, kwa sababu mvua imekwisha, jua limetoka, maji yanametameta, na mtoto anauliza kila baada ya dakika moja. Lakini sehemu ya nyuma ya wingu hubaki na chaji ya kutosha hata baada ya mvua kupita, na wengi hupigwa wakati huo, wakiwa wamerudi uwanjani kwa kudhani mambo yamekwisha.

Kuhusu maji yenyewe tumebeba dhana isiyo sahihi. Watu husema maji huvuta radi. Radi haivutwi na maji ya bwawa. Hutafuta njia ya kushukia, na mara nyingi huipata kwenye kitu kilichoinuka karibu nayo: mti, mlingoti wa taa, paa, uzio wa chuma. Hata miongoni mwa watu waliopigwa nchi kavu, waliopigwa moja kwa moja ni wachache, kama 3 hadi 5 kati ya kila 100. Nusu yao na zaidi hupatwa na mkondo unaosambaa ardhini baada ya radi kupiga kitu kingine. Kando ya bwawa mkondo huo una sherehe. Kuna vigae vilivyolowa, mabomba ya pampu, ngazi ya chuma iliyozamishwa mguu mmoja majini na mwingine kwenye saruji, waya za taa za chini ya maji. Mti ukipigwa upande wa pili wa ukuta, anayeshika ngazi ile ameshika ncha ya waya.

Radi ya kawaida hubeba mkondo wa kama ampea 30,000. Fyuzi iliyo ndani ya plagi ya pasi yako ni ya ampea 13. Mkondo mkubwa kiasi hicho ukiingia majini hutawanyika zaidi kwenye tabaka la juu, na tabaka la juu ndipo kilipo kichwa cha mwogeleaji, mabega yake, pumzi yake. Na mwili wa binadamu, kwa chumvi iliyo ndani yake, ni njia rahisi zaidi ya umeme kuliko maji baridi yasiyo na chumvi.

Kuna jambo lingine ambalo sijasikia likisemwa kwenye mabwawa yetu, na kwangu mimi ndilo zito kuliko yote. Mtu aliyeguswa na sehemu ndogo tu ya mkondo huo huenda asife kwa umeme. Hupooza kwa muda, miguu haimtii, mara nyingine anapoteza fahamu, kisha baada ya dakika au saa kadhaa viungo vinarudi. Akiwa uwanjani ataanguka kwenye nyasi, watu watamzunguka, ataamka na kusimulia. Akiwa ndani ya maji ya mita mbili atazama kimya, pamoja na wengine waliokuwa karibu naye, na mwokoaji ni mmoja. Pigo ambalo mchezaji wa kandanda angelipona kwa urahisi, mwogeleaji hufa nalo kwa maji.

Basi watoke. Waende wapi?

Hili swali ndilo lililonifanya niandike, kwa sababu hata bwawa lenye mwokoaji shupavu kuliko wote mjini linaweza kuwatoa watoto majini na kuwapeleka pabaya zaidi. Banda la makuti ni kivuli. Halina kuta, halina mfumo wa umeme wala mabomba ya kuupeleka mkondo ardhini, limesimama juu ya nguzo kwenye uwanja wazi, na chini yake wamejazana watu thelathini waliolowa, bega kwa bega. Mwavuli wa bustani wenye mkono wa chuma ni mbaya kuliko hilo. Mti ni mbaya kuliko vyote, na mabwawa mengi ya Nairobi yamezungukwa na jakaranda na mikaratusi, mirefu, inayopendeza kwenye picha za harusi.

Ukanda wetu umekwisha lipa karo ya somo hili. Mwezi Juni 2011, katika shule ya msingi ya Runyanya wilayani Kiryandongo, Uganda, radi iliua wanafunzi 18 na mwalimu wao. Machi 2018, huko Nyaruguru kusini mwa Rwanda, waumini 16 waliuawa kwa radi iliyopiga kanisa lao. Watu wale hawakuwa uwanjani wakicheza na mvua. Walikuwa chini ya paa. Paa peke yake halitoshi. Jengo linalokinga ni lile lililozungukwa na kuta imara, lenye nyaya na mabomba ndani ya kuta zake, au lililowekewa vyuma vya kupokea radi na kuishusha ardhini. Kwenye klabu nyingi jengo hilo lipo, hatua hamsini kutoka majini: ukumbi, mgahawa, ofisi. Tatizo ni kwamba limeandikwa mlangoni "Hairuhusiwi kuingia na nguo za kuogelea." Meneja anayeogopa zulia lake kulowa amefanya uchaguzi, hata kama hajui.

Vyumba vya kubadilishia nguo navyo vinahitaji neno. Mwalimu akisikia ngurumo huwapeleka watoto ndani, vizuri, halafu anawaambia waoge haraka wavae. Hapana. Wakati wa radi mtu haogi. Mkondo unaweza kuingia kupitia mabomba au nyaya, na bafu zetu za Nairobi zina kile kichwa cha bafu chenye hita ndani yake, tunachokiita instanti, ambacho kimeunganishwa na maji upande mmoja na umeme wa jengo upande wa pili. Wakae wamejifunga taulo kwenye viti, mbali na bomba. Kuoga kutasubiri.

Na kama jengo halipo? Tazama maegesho. Basi la shule limesimama pale, la manjano kama sheria inavyotaka, lenye bodi ya chuma na paa la chuma. Gari la namna hiyo likifungwa madirisha ni kinga nzuri, hata matatu ile yenye michoro na sabufa inayotikisa vioo. Watu husema ni kwa sababu ya matairi ya mpira. Radi iliyokwisha vuka kilomita kadhaa za hewa haishindwi na inchi chache za mpira. Kinachosaidia ni ganda la chuma, linaloupitisha mkondo nje ya waliomo ndani mpaka chini. Kwa hiyo gari la turubai au tuktuk havimo. Walimu wengi wanaoleta madarasa kuogelea wamekuja na kimbilio lao wenyewe na hawalijui. Dereva tu asiwe amekwenda kunywa chai na funguo mfukoni.

Nimeyataja mabwawa ya klabu, lakini yanayoongezeka kwa kasi ni mengine. Pita Kilimani, Kileleshwa, au Lavington utazame juu. Fleti mpya inayojiheshimu ina bwawa, na kwa kuwa kiwanja ni kidogo, bwawa limepandishwa paani. Ghorofa ya kumi na nne, kumi na sita, maji yamefika ukingoni ili picha ionekane kana kwamba mwogeleaji anaelea juu ya mji. Ni mandhari mazuri, siyakatai, nimepiga picha hizo mimi mwenyewe. Ila kwa hesabu ya radi, mwogeleaji amepelekwa kwenye kitu kirefu kuliko vyote katika mtaa wake, akatolewa nje ya kuta, akalowanishwa.

Wapangaji hujibu kwamba jengo lina kinga ya radi, ile mafundi wanayoiita aresta, na mhandisi alitia saini. Huenda ni kweli. Kazi ya kinga hiyo ni kuipokea radi na kuipa njia nene ya shaba au aluminiamu mpaka ardhini ili jengo lisiungue na saruji isipasuke. Haikuwekwa kwa ajili ya mtu aliyesimama kando yake akiwa na chupi ya kuogelea. Mkondo ukiteremka kwenye njia hiyo unaweza kuruka pembeni kumfuata aliye karibu, na sakafu ya paa yote imelowa. Anayeishi chini ya paa hilo amekingwa. Aliye juu yake ndiye sehemu ya juu ya jengo.

Uzuri wa bwawa la paani ni kwamba kimbilio liko ngazi moja tu chini. Ubaya wake ni kwamba hakuna wa kupiga firimbi. Fleti nyingi hazina mwokoaji, zina keateka mwenye ufunguo na askari wa getini aliye ghorofa kumi na sita chini, asiyeona mbingu ya upande wa pili. Tuna grupu ya WhatsApp ya wapangaji inayotangaza maji yamekatika, jenereta inawashwa, mwenye gari fulani asogeze. Kutuma humo neno "ngurumo, paa limefungwa" na kumpa keateka mamlaka ya kutia kufuli mlango wa juu hakuhitaji kikao cha wamiliki. Ila najua grupu hizo. Mtu wa tatu kujibu atauliza nani alimpa keateka ruhusa ya kufunga bwawa analolilipia ada ya huduma.

Basi tumerudi palepale kwa yule baba na saa zake za kulipia. Naona tatizo la radi kwenye mabwawa ya Nairobi si la ujinga sana, ni la madaraka. Kijana yule alijua. Alisema neno lenyewe, radi. Alichokosa ni idhini, na hakuipata kwa sababu kila dakika bwawa likiwa tupu kuna mteja anayedai pesa zake. Kwa hiyo suluhu ya kwanza ningeiweka kwenye kaunta ya tiketi. Radi ikifunga bwawa, tiketi yako inabaki hai, urudi siku nyingine. Klabu ikiweka hilo kwa maandishi, yule baba hana tena sababu ya kubishana, na mwokoaji hana tena sababu ya kumtazama meneja. Gharama yake kwa klabu ni ndogo mno, kwani wateja wengi walikuwa watatoka tu mvua ikianza, na siku hizi za masika hawadai chochote.

Badala yake tumejaza mabango. Karibu kila bwawa mjini lina bango la "Unaogelea kwa hiari yako na hatari ni yako mwenyewe." Wamiliki hulitegemea kama hirizi. Wangesoma Sheria ya Wajibu wa Wamiliki wa Majengo, Sura ya 34 ya sheria za Kenya. Humo mwenye kumiliki mahali anatakiwa kuchukua tahadhari ya kawaida ili mgeni awe salama kwa kiasi kinachostahili, anatakiwa kutarajia kwamba watoto huwa na uangalifu mdogo kuliko watu wazima, na onyo peke yake halimwondolei lawama isipokuwa lilitosha kumwezesha mgeni kuwa salama. Mimi si wakili. Lakini sioni jinsi bango linaloshindwa hata kutaja radi linavyomsaidia mtoto wa miaka tisa kuikwepa. Na wale wanaosema radi ni kudura ya Mungu, ajali haina kinga, wagawanye mambo mawili. Radi kushuka ni kudura. Watoto kuwa majini dakika kumi baada ya ngurumo ya pili ni ratiba ya mtu.

Nimeulizwa kama sipotezi wino. Barabara zetu huua zaidi ya watu 4,000 kila mwaka. Shirika la Afya Duniani lilikadiria watu 300,000 walikufa maji duniani kote mwaka 2021, na hawakuhitaji radi kufanya hivyo. Bwawa lenye mtoto asiyeangaliwa ni hatari kuliko wingu lolote, nakubali bila kubishana. Ila mwokoaji asiyeweza kuwatoa watu majini kwa ngurumo hawezi pia kumzuia mlevi kupiga mbizi kwenye kina kifupi, wala kukataa darasa la watoto hamsini linaloletwa na mwalimu mmoja. Firimbi ni ileile. Ukimnyang'anya siku ya radi, umemnyang'anya siku zote.

Mabwawa ya ndani ya majengo yana mjadala wake huko Marekani. Taasisi moja ya usalama wa radi inataka nayo yafungwe, kwa hoja ya mabomba na nyaya. Wataalamu wengine wa mabwawa wanajibu kwamba hakuna kifo kilichorekodiwa cha mwogeleaji aliyeuawa na radi ndani ya jengo. Wote wana la kusema. Kwa Nairobi, ambako mabwawa ya ndani ni machache, nikipewa dakika kumi za kuwafundisha waokoaji sitazitumia hapo. Kama fundi wa umeme hajathibitisha kwamba vyuma vyote vya bwawa vimeunganishwa pamoja na kushushwa ardhini, toka. Yatosha.

Dakika hizo kumi ningezitumia kuwaambia kwamba mtu aliyepigwa na radi hana umeme mwilini. Ile hofu ya kumgusa, iliyozagaa vijijini na mjini, huua watu ambao wangepona. Moyo husimama, mara nyingi huanza tena wenyewe, lakini pumzi huchelewa kurudi, na asiyesaidiwa kupumua katika dakika hizo moyo husimama mara ya pili. Wakiwa wameanguka wengi, anayelia na kugaagaa atasubiri. Anza na aliye kimya, anayeonekana amekwisha kufa, kinyume cha tulivyofundishwa kwa ajali za magari.

Siku ile, mvua ilipopamba moto, nilimchukua mtoto wa dada tukakimbilia garini na miguu mitupu. Alikuwa amekasirika nami kwa sababu nilimtoa majini kabla ya wenzake na kumkalisha kwenye mgahawa akiwa na taulo, mhudumu akitutazama kwa jicho la zulia. Ndani ya gari nilimfundisha kuhesabu. Mmweko, moja, mbili, tatu. Wa kwanza ulifika sita. "Anko, sita ni wapi?" Nikagawanya kwa tatu, nikamwambia ni kilomita mbili, kama kutoka hapa mpaka kwa nyanya yake. Akanyamaza kidogo, kisha akageuka nyuma kutazama banda la makuti kupitia kioo kilichojaa ukungu, kule walikokuwa wale ndugu wawili na baba yao.

Kabla ya kuondoka nilishuka kuzungumza na meneja. Alinisikiliza kwa adabu, akatoa simu, akaandika kitu, akaniambia atalipeleka kwa kamati. Nilirudi Jumamosi mbili baadaye. Bango jipya lilikuwa limewekwa kando ya kaunta, rangi bado inang'aa: chakula cha kutoka nje hakiruhusiwi. Kijana wa fulana nyekundu alinitambua. Akanyoosha kidole upande wa Ngong, kulikokuwa hakuna wingu hata moja, akacheka.

"Leo tuko sawa, Mkubwa," akasema.

Spika zilikuwa zimegeuziwa upande wa maji.